Föttinger: Mhandisi wa meli aliyeyapa magari giaboksi ya otomatiki

MAGARI yanayosubiri feri ya Likoni, upande wa Kisiwa cha Mombasa, husogea hatua chache, yakasimama, kisha yakasogea tena. Dereva wa gari la otomatiki huachilia breki tu. Hana klachi ya kukanyaga, wala injini haimzimikii. Nafuu hiyo, inayomfaa vilevile katika njia nyembamba za Mji wa Kale kama Ndia Kuu, ilianzia baharini, na aliyeibuni ni Mjerumani Hermann Föttinger.

Föttinger alizaliwa Nuremberg mnamo Februari 9, 1877. Alisomea uhandisi wa umeme mjini Munich, na mwaka 1899 akaajiriwa katika karakana ya meli ya Vulcan huko Stettin, mji ambao leo ni Szczecin nchini Poland. Huko alikumbana na tatizo lililowasumbua wahandisi wengi wa zama hizo. Mitambo mipya ya turbini ilizunguka kwa kasi kubwa mno, ilhali rafadha ya meli hufanya kazi vyema inapozunguka polepole. Isitoshe, turbini haikuweza kuzunguka kinyumenyume ili meli irudi nyuma, na magurudumu ya meno ya wakati huo hayakuweza kuhimili nguvu kubwa kiasi hicho.

Kwanza aliwazia umeme: turbini izungushe jenereta, nayo jenereta iendeshe mota ya rafadha. Mpango huo ulikuwa mzito na wa gharama kubwa. Ndipo alipoweka kiowevu mahali pa umeme, na mwaka 1905 akapata hataza ya uvumbuzi wake. Ndani ya kasha moja alitia pampu iliyozungushwa na mtambo, gurudumu la turbini lililoshikana na rafadha, na baina yake panga zisizozunguka. Pampu ilirusha kiowevu kwenye turbini. Panga zile zikakigeuza mwelekeo, na nguvu ya kuzungusha ikaongezeka. Kati ya mtambo na rafadha hapakuwa na chuma kilichogusa chuma.

Hata hivyo, chombo hicho kilikuwa na kasoro moja: sehemu ya nguvu ilipotea kwa kugeuka joto. Melini kasoro hiyo ilivumilika, kwa kuwa kiowevu kilikuwa maji, na maji yaliyopata moto yaliweza kupelekwa kwenye boila. Meli ya abiria Königin Luise, iliyotengenezwa mwaka 1913, ilitumia mtambo huo kabla ya kugeuzwa chombo cha kutega mabomu na kuzamishwa na Waingereza mnamo Agosti 5, 1914. Baadaye magurudumu ya meno yaliboreshwa, yakaushinda uvumbuzi wa Föttinger baharini.

Yeye alikwisha kuingia katika ualimu: alikuwa profesa Danzig kuanzia mwaka 1909, kisha Berlin kuanzia mwaka 1924. Wakati huohuo wazo lake lilihamia nchi kavu. Kampuni ya Daimler ya Uingereza ilianza kutumia kiungo cha mafuta katika magari yake mwaka 1930. Huko Marekani, Oldsmobile za mwaka 1940 zilikuja na giaboksi ya otomatiki yenye kiungo kama hicho. Konvata kamili, yenye panga za katikati, ilifika katika Buick za mwaka 1948. Föttinger hakuiona siku hiyo. Aliuawa Berlin mnamo Aprili 1945, vita vikielekea ukingoni.

Kasoro aliyoiacha ingalipo, na ndiyo inayomtia hasara mwenye gari wa Mombasa. Magari yaliyotumika hushushwa katika bandari ya Kilindini, na giaboksi ya mtumba ndiyo kimbilio la asiyemudu mpya. Mwenye teksi aliyetoa akiba yake yote kununua moja hana fedha za kununua ya pili.

Basi, kabla ya kulipa, ahakikishe namba ya giaboksi inalingana na ya gari lake, kisha aombe sampu ifunguliwe. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande vya chuma, au mafuta yanayonuka kuungua, ni sababu ya kuondoka. Fundi asafishe mabomba na kipozeo cha mafuta kilichomo ndani ya rejeta, kwa maana uchafu wa giaboksi iliyokufa hujificha humo na kuiua ile iliyofuata. Filta na sili ya mbele ziwe mpya, na mafuta yawe ya aina iliyoagizwa na kiwanda. Konvata nayo itiwe mafuta, isukumwe huku ikizungushwa mpaka ikae barabara ndani ya pampu, kabla ya bolti kukazwa. Ikilazimishwa kwa bolti, pampu huvunjika.

Fedha zikibaki, nyongeza yenye manufaa zaidi ni kipozeo kidogo cha ziada mbele ya rejeta. Konvata hupata moto zaidi gari linapojikokota na mzigo, kama linapopanda kutoka ferini Likoni jua likiwa utosini. Joto lile ambalo Föttinger aliweza kulipeleka kwenye boila, katika gari halina matumizi. Lisipotolewa nje, litaunguza mafuta, na giaboksi itafuata.