Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya watoto

MSAFIRI atokaye Nyamira, akapita Kisii na kuteremka hadi Ziwa Victoria, huvuka bila kujua mpaka uliotambuliwa na daktari mpasuaji kutoka Ireland zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Enniskillen mwaka wa 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali, lakini hilo halikumzuia kushika kisu cha upasuaji. Alihitimu Dublin mwaka wa 1935, akahudumu jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na mwaka wa 1946 akapelekwa Lira, Uganda.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Dkt Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baada ya muda mfupi Burkitt alimwona mwingine wa namna hiyo mjini Jinja. Alipopekua kumbukumbu za hospitali, aligundua kuwa uvimbe wa figo, ini na ovari, ambao madaktari walikuwa wakiupa majina tofauti, ulikuwa ugonjwa uo huo mmoja.

Mwishoni mwa 1961 yeye na madaktari wenzake, Edward Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu takriban kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Karibu na ikweta, maradhi hayo yalikuwa nadra katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,500. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700, na sehemu kubwa ya Nyamira iko juu zaidi. Nyanda za ziwani ziko chini ya kipimo hicho.

Siri ya mpaka huo ni mbu. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka wa 1964 katika sampuli alizotuma Burkitt, huwapata watoto wa mlimani na wa ziwani vilevile. Lakini malaria ya kila mara hudhoofisha seli za kinga zinazovilinda virusi hivyo visizagae. Hapo ndipo jeni iitwayo MYC, ikiisha kuhama kutoka kromosomu yake, huamuru seli zigawanyike bila kikomo. Seli nyingine za kinga hubaki katikati ya uvimbe zikimeza mizoga ya seli zilizokufa. Chini ya hadubini huonekana kama nyota angani, ila haziwezi kuuzima.

Uganda haikuwa na mashine za mionzi, na kisu hakikutosha. Basi Burkitt akajaribu dawa, ikiwemo methotrexate. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto waliokuwa wakingojea kifo wakapona kabisa.

Aliondoka Uganda katikati ya miaka ya 1960, akageukia utafiti wa vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki Uingereza mwezi Machi 1993, akiwa na miaka 82.