Yersin na Kijidudu cha Tauni

Ndugu msomaji, huenda umesikia habari za ugonjwa wa tauni. Wazee wa Lushoto, katika Mkoa wa Tanga, wanaukumbuka vizuri. Ulizuka kwao mwaka 1980, ukawa unarudi kwa zaidi ya miaka 20. Mgonjwa hushikwa na homa kali ghafla. Kisha huvimba mitoki kinenani, kwapani au shingoni. Asipotibiwa mapema, anaweza kufa kwa siku chache tu.

Zamani watu hawakujua tauni inatoka wapi. Wengine walisema ni hewa mbaya. Wengine walisema ni uchawi au adhabu. Katika karne ya 14 tauni iliua mamilioni ya watu huko Ulaya, na hakuna aliyemjua adui. Mmoja wa watu wa kwanza kumwona adui huyo aliitwa Alexandre Yersin. Soma habari za maisha yake.

Utoto na masomo

Yersin alizaliwa tarehe 22 Septemba 1863 huko Aubonne, nchini Uswisi. Baba yake alikuwa amefariki majuma machache kabla. Mama alibaki mjane, akahamia mji wa Morges na kufungua shule ya wasichana. Kwa kazi hiyo aliwalea na kuwasomesha watoto wake.

Yersin alisomea uganga, akafika Paris, Ufaransa, mwaka 1885. Mwaka uliofuata, alipokuwa akipasua maiti ya mtu aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, alijikata. Je, unajua hatari yake? Ugonjwa huo ukishaanza, hauna tiba. Bahati nzuri, mtaalamu Louis Pasteur alikuwa ametengeneza chanjo yake hivi karibuni. Msaidizi wake, Emile Roux, alimchanja Yersin upesi. Yersin hakuugua.

Tangu hapo Yersin alifanya kazi na Roux. Mwaka 1888 walionyesha kwamba kijidudu cha dondakoo hutoa sumu, na sumu hiyo ndiyo inayomwua mtoto.

Lakini Yersin hakupenda kukaa mji mkubwa. Mwaka 1890 aliondoka, akawa mganga wa meli katika bahari za Asia. Baadaye alitembea milimani katika nchi ya Vietnam, ambayo wakati ule ilitawaliwa na Wafaransa.

Banda la majani huko Hong Kong

Mwaka 1894 tauni iliingia Hong Kong kutoka China bara. Watu zaidi ya 2,000 walikufa mwaka ule. Yersin alitumwa kwenda kuchunguza. Alifika mwezi Juni, akiwa na hadubini yake na vifaa vichache.

Alikuta mtaalamu wa Japani, Shibasaburo Kitasato, amekwisha kufika na wasaidizi wake. Wakuu wa Kiingereza walimpa Kitasato nafasi hospitalini. Yersin hakuruhusiwa kuzichunguza maiti. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ungerudi nyumbani?

Yersin hakurudi. Alijengewa banda dogo la majani karibu na hospitali, likawa mahali pake pa kazi na pa kulala. Kisha aliwapa fedha mabaharia waliokuwa na kazi ya kuzika maiti. Wakamruhusu kuingia kwa dakika chache. Alikata mtoki wa maiti mmoja, akakimbia nao bandani. Akaweka kipande kwenye kioo, akatazama. Aliona vijidudu vingi sana, vifupi, vya mviringo nchani.

Hakuridhika kwa kuona tu. Aliwachoma sindano ya vijidudu hivyo panya wadogo na wanyama wengine. Walikufa, na ndani ya miili yao akakuta vijidudu vile vile. Tena aliwachunguza panya waliokutwa wamekufa majumbani na njiani. Nao walikuwa navyo. Hapo akatambua kwamba tauni ya watu na tauni ya panya ni ugonjwa mmoja.

Kitasato naye alitangaza kwamba amekiona kijidudu hicho. Wataalamu walibishana miaka mingi juu ya jambo hili. Lakini maelezo ya Yersin yalikuwa wazi zaidi, na leo kijidudu hicho huitwa Yersinia, kwa jina lake.

Bado lilibaki swali moja. Ugonjwa unatokaje kwa panya kufika kwa mtu? Mwaka 1898 Mfaransa mwingine, Paul-Louis Simond, alipata jibu huko Karachi: ni viroboto. Panya akifa na mwili ukipoa, viroboto humhama na kutafuta damu nyingine.

Kazi ya mifugo

Yersin alihamia Nha Trang, pwani ya Vietnam. Mwaka 1895 alianzisha hapo maabara, akafuga farasi. Farasi walitumika kutengeneza dawa ya tauni kutoka katika damu yao. Mwaka 1896 alimtibu kijana wa Kichina kwa dawa hiyo, akapona. Lakini mwaka 1897 huko Bombay, India, dawa ilionekana hafifu. Wagonjwa wengi walikufa. Hata hivyo, Yersin hakuacha kazi.

Alichunguza pia magonjwa ya ng'ombe, hasa sotoka. Ugonjwa huo uliteketeza ng'ombe wa Wamasai na wafugaji wengine wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Ilichukua muda mrefu kuushinda. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani.

Yersin alipanda pia mipira, na miti inayotoa kwinini, dawa ya malaria. Aliishi karibu na wavuvi, akiwaonya tufani ilipokaribia. Hakuoa. Alifariki Nha Trang tarehe 1 Machi 1943. Watu wa Vietnam wanaliheshimu kaburi lake hata leo.

Mambo ya kukumbuka

Ndugu msomaji, tauni haijakwisha duniani. Bado huonekana Madagaska na Kongo. Lakini leo zipo dawa zinazoiponya, mgonjwa akiwahi. Basi fanya hivi:

1. Ukiona panya wengi wamekufa bila sababu, mwarifu bwana afya haraka. Usiwashike kwa mikono mitupu.
2. Usianze kuua panya wakati wa tauni kabla ya kuua viroboto. Viroboto watawahamia watu.
3. Hifadhi nafaka mahali ambapo panya hawafiki. Usilale chini sakafuni.
4. Paka na ngamia pia huugua tauni. Mnyama akiugua, mwite bwana mifugo.
5. Mtu akipata homa na mitoki, mpeleke zahanati siku ile ile.

Kijidudu cha tauni kina ndugu zake. Mmoja hukaa ndani ya nguruwe na huharisha watu. Kwa hiyo pika nyama ya nguruwe mpaka iive kabisa, na chemsha maziwa. Mwingine huua sungura na ndege, na huweza kuwafanya kondoo na mbuzi watupe mimba.

Maswali

1. Kwa nini Yersin alifanya kazi katika banda la majani?
2. Viroboto hufanya nini panya anapokufa?
3. Katika kijiji chenu, nafaka huhifadhiwa namna gani? Jadilini.