Jani Likikaa Gizani

Ukipanda kutoka joto la Same mjini hadi msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena, unakuta kijani tupu. Kijani kile kina kazi gani?

Alitusaidia kujua daktari Mkatoliki, Jan Ingenhousz, aliyezaliwa Breda, Uholanzi, mwaka 1730. Mwaka 1768 aliitwa Vienna kuichanja familia ya kifalme dhidi ya ndui. Angeweza kuridhika na heshima hiyo. Lakini mwaka 1779, akiwa Uingereza, alifanya majaribio zaidi ya 500. Alizamisha majani majini: juani yalitoa viputo vya hewa safi, oksijeni, gizani viputo vilikoma. Tena aliona kwamba gizani jani huchafua hewa. Alifariki mwaka 1799.

Jani ni lile lile. Tofauti ni mwanga.

Wapendwa, ubatizo umetufanya kijani. Lakini ndugu wasiosalimiana kwa ajili ya shamba la urithi wamekaa gizani, na hewa hiyo wanaivuta watoto wao. Usingoje Kwaresima. Ukitoka Misa leo, pita kwa ndugu yako, bisha hodi.

Dominika njema.