Wasifu wa Louis Pasteur (1822–1895)

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi ambaye aliwahi kuwa askari katika jeshi la Napoleon. Baadaye familia ilihamia Arbois, mji uliozungukwa na mashamba ya mizabibu. Msomaji aikumbuke mizabibu hiyo, kwa maana tutarudi kwake.

Shuleni Louis hakuwa mwanafunzi wa kutisha. Alichopenda zaidi kilikuwa kuchora, na picha za wazazi wake alizochora akiwa kijana zipo hadi leo. Mwaka 1838 alipelekwa Paris kusoma, akashindwa kuvumilia kuwa mbali na nyumbani, na baada ya wiki chache baba yake akamfuata na kumrudisha Arbois. Mwaka 1842 alifaulu mtihani wa sayansi, lakini alama yake ya kemia ilikuwa hafifu. Mwaka huohuo alipata nafasi katika École Normale Supérieure, chuo maarufu cha kuandaa walimu jijini Paris. Hakuridhika na nafasi aliyoshika katika orodha, akakataa kujiunga, akarudia mtihani na kuingia mwaka 1843 akiwa miongoni mwa wa juu. Jambo hili huwasimulia wanafunzi wangu kila matokeo yanapotoka, hasa wale wanaodhani alama moja ya kemia imekwisha kuwaamulia maisha.

Mtahiniwa akiulizwa Pasteur alifanya nini, kwa kawaida hujibu kwa neno moja: chanjo. Jibu hilo si kosa, ila limeacha nje sehemu kubwa ya maisha yake. Pasteur hakuwa daktari. Alikuwa mkemia, na alifika kwenye chanjo kwa kupitia fuwele, pombe, mvinyo na viwavi wa hariri. Kila kazi ilizaa swali lililompeleka kwenye kazi iliyofuata.

Kazi ya kwanza ilihusu tindikali inayopatikana katika masimbi ya mapipa ya mvinyo. Wanakemia walijua aina mbili za tindikali hiyo zenye elementi zilezile kwa viwango vilevile. Tofauti yao ilikuwa moja: aina ya kwanza iliuzungusha mwelekeo wa mwanga maalumu uliopitishwa ndani yake, na ya pili haikufanya hivyo. Mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka 25, Pasteur alizitazama fuwele za chumvi ya aina ya pili kwa hadubini, akaona kwamba zilikuwa za maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Akazitenga moja moja kwa mkono. Kundi moja liliuzungusha mwanga upande wa kulia, na jingine upande wa kushoto. Zikichanganywa, kila moja iliifuta kazi ya mwenzake. Mzee Jean-Baptiste Biot, bingwa wa elimu ya mwanga, hakuamini mpaka Pasteur aliporudia jaribio mbele yake kwa kemikali alizoandaa Biot mwenyewe. Hadi leo watengenezaji wa dawa huzingatia jambo hili, kwani molekuli ya mkono wa kulia inaweza kutibu na ya mkono wa kushoto isitibu.

Pasteur aliona pia kwamba vitu vyenye uhai hupenda kutengeneza molekuli za mkono mmoja tu. Wazo hilo ndilo lililomtoa katika kemia ya vitu visivyo hai.

Mwaka 1849, akiwa mwalimu wa chuo mjini Strasbourg, alimwoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa taasisi za elimu za huko. Marie hakuwa mke wa kukaa pembeni. Jioni aliandika maelezo ambayo mumewe alimtamkia, na baadaye alishiriki kazi ya viwavi kwa mikono yake. Walipata watoto watano. Watatu, wote wasichana, walifariki wakiwa wadogo: Jeanne mwaka 1859, Camille mwaka 1865 na Cécile mwaka 1866. Jeanne na Cécile waliuawa na homa ya matumbo, ugonjwa ambao wakati huo hakuna aliyejua kijidudu chake.

Mwaka 1854 Pasteur alipelekwa Lille, mji wa viwanda kaskazini mwa nchi, kuwa mkuu wa kitivo cha sayansi. Mwaka 1856 mwenye kiwanda aliyekuwa baba wa mwanafunzi wake alimletea tatizo. Alitengeneza pombe kali kutokana na viazisukari, lakini baadhi ya mapipa yalikuwa yakiharibika na kutoa uchachu badala ya kilevi. Pasteur alichukua matone kutoka mapipa yote na kuyatazama. Katika mapipa mazuri aliona chembe za mviringo za hamira. Katika yaliyoharibika aliona vijiti vidogo sana, na humo ndimo ilimopatikana tindikali ileile inayoyafanya maziwa yagande. Wakati huo wanakemia wakubwa, akiwemo Justus von Liebig wa Ujerumani, walifundisha kwamba kuchacha ni kuoza tu kwa kikemia. Pasteur alidai kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai, na kwamba kila aina ya kuchacha ina kiumbe chake. Mtahiniwa anayetaka kuelewa yaliyofuata ashike sentensi hiyo ya mwisho: kama kila uchachu una kijidudu chake, huenda kila ugonjwa nao una wake.

Swali likazuka: vijidudu hivyo hutoka wapi? Wengi waliamini kwamba huzaliwa vyenyewe ndani ya supu au nyama inayooza. Pasteur alichemsha mchuzi katika chupa, kisha akairefusha na kuipinda shingo ya chupa kama shingo ya bata maji. Hewa iliingia, lakini vumbi lilinaswa kwenye mpindo, na mchuzi ukakaa bila kuharibika. Shingo ilipokatwa, au chupa ilipoinamishwa mchuzi ukagusa lile vumbi, vijidudu vilijaa. Mwaka 1860 alibeba chupa zilizofungwa hadi milimani. Kati ya chupa 20 alizozifungua juu ya barafu ya Mer de Glace, ni moja tu iliyoharibika. Mpinzani wake, Félix Pouchet, alitumia maji ya nyasi kavu na kupata matokeo kinyume. Sababu ilijulikana miaka mingi baadaye: nyasi huwa na mbegu za bakteria zisizokufa kwa kuchemshwa. Pasteur alikuwa sahihi, ila mpinzani wake hakuwa mzembe kama baadhi ya vitabu vinavyosema.

Sasa turudi kwenye mizabibu. Mwaka 1863 Mfalme Napoleon wa Tatu aliomba utafiti kuhusu mvinyo wa Ufaransa uliokuwa ukiharibika njiani ukisafirishwa nje. Pasteur aliweka maabara Arbois, mji wa utoto wake, akaonyesha kwamba kupasha mvinyo joto la kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi kwa muda mfupi huua vijidudu waharibifu bila kuuchemsha. Njia hiyo ikaitwa kwa jina lake, na baadaye ikahamia kwenye maziwa. Pakiti ya maziwa ya dukani iliyoandikwa kwamba yamepasteurishwa imebeba jina la mtoto wa fundi ngozi wa Arbois.

Mwaka 1865 mwalimu wake wa zamani, Jean-Baptiste Dumas, alimwomba aende Alès, kusini mwa nchi, ambako ugonjwa ulikuwa ukiangamiza viwavi wa hariri na kuwafilisi wafugaji. Pasteur hakuwahi kumshika kiwavi wa hariri maishani mwake. Mtaalamu wa wadudu Jean-Henri Fabre alishangaa kumwona mgeni huyo akikitikisa kifukofuko cha hariri na kuuliza kuna nini ndani. Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka mitano, na hapa alikosea: mwanzoni hakukubali kwamba vidoa vilivyoonekana kwa hadubini ndivyo chanzo cha ugonjwa. Baadaye alibadili mawazo, akatambua pia kwamba magonjwa yalikuwa mawili. Dawa aliyoipendekeza mkulima yeyote mwenye hadubini aliiweza: nondo jike akishataga, asagwe na kutazamwa, akiwa na vidoa, mayai yake yachomwe. Katika miaka hiyohiyo alimzika baba yake na mabinti wawili. Oktoba 1868 alipatwa na kiharusi kilichoupooza upande wa kushoto wa mwili wake. Alikuwa na miaka 45. Tangu hapo majaribio mengi yalifanywa kwa mikono ya wasaidizi wake, jambo ambalo wasifu nyingi hulipita haraka.

Baada ya vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870–1871 alichunguza bia, kwa sehemu akitaka Ufaransa iwashinde Wajerumani katika biashara hiyo. Kisha akageukia magonjwa ya mifugo. Mwaka 1876 Robert Koch wa Ujerumani alikuwa ameeleza maisha ya kijidudu cha kimeta. Pasteur alianza na kipindupindu cha kuku, akagundua kwamba vijidudu vilivyokaa muda mrefu maabara hupoteza ukali, na kuku waliodungwa vijidudu hivyo dhaifu hawakufa walipodungwa vikali. Edward Jenner alikuwa ametumia ndui ya ng'ombe mwaka 1796, lakini hiyo ilikuwa zawadi ya asili. Pasteur alionyesha kwamba chanjo inaweza kutengenezwa.

Jaribio lake maarufu lilifanyika Mei 1881 katika shamba la Pouilly-le-Fort. Kondoo 24, mbuzi mmoja na ng'ombe 6 walichanjwa dhidi ya kimeta. Kondoo 24, mbuzi mmoja na ng'ombe 4 hawakuchanjwa. Tarehe 31 Mei wote walidungwa vijidudu vikali. Tarehe 2 Juni umati ulifika na kukuta kondoo wengi wa kundi la pili wamelala wamekufa, wengine wakifa mbele ya macho yao, na waliochanjwa wakila majani. Magazeti yalishangilia.

Lakini kuna jambo ambalo umati haukuambiwa. Watu waliamini kwamba chanjo ile ilidhoofishwa kwa hewa ya oksijeni, njia aliyojivunia Pasteur. Kwa kweli ilitengenezwa na msaidizi wake, Charles Chamberland, kwa kutumia kemikali, njia iliyokaribiana na ile ya mpinzani wake, Henri Toussaint. Pasteur aliiagiza familia yake isimwonyeshe mtu madaftari yake. Mjukuu wake aliyakabidhi kwa Maktaba ya Taifa mwaka 1964, na hapo ndipo wanahistoria walipolinganisha kilichosemwa na kilichofanyika. Wanafunzi huniuliza kama basi alikuwa mwongo. Ninavyoona mimi, chanjo ilifanya kazi, na Toussaint alinyimwa haki yake. Mtahiniwa anaweza kuandika yote mawili bila kujipinga.

Mtihani mzito zaidi ulikuja na kichaa cha mbwa. Pasteur na Émile Roux hawakukiona kijidudu chake kwa hadubini, kwa sababu ni kirusi, kidogo kupita uwezo wa vifaa vyao. Walikikuza ndani ya sungura, kisha wakauning'iniza uti wa mgongo wa sungura ndani ya chupa yenye hewa kavu. Kadiri ulivyokauka, ndivyo ulivyopoteza ukali. Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja kutoka Alsace alimleta mwanawe, Joseph Meister, mwenye miaka 9, aliyeng'atwa mara nyingi na mbwa siku mbili kabla. Majaribio ya njia hiyo kwa mbwa yalikuwa bado hayajakamilika. Kumdunga mtoto kulikuwa hatari, na kumwacha kulikuwa hatari vilevile. Roux hakushiriki. Kwa kuwa Pasteur hakuwa na leseni ya udaktari, sindano zilitolewa na Dakta Jacques-Joseph Grancher, 13 kwa jumla, zikianza na dawa dhaifu na kupanda hadi kali. Njia hii huwezekana kwa sababu kirusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kabla ya kufika kwenye ubongo. Joseph alipona. Msichana Louise Pelletier, aliyeletwa siku 37 baada ya kung'atwa, hakuokolewa. Kufikia Machi 1886 watu 350 walikuwa wametibiwa.

Michango kutoka nchi nyingi ilijenga Taasisi ya Pasteur, iliyofunguliwa Paris tarehe 14 Novemba 1888. Joseph Meister alikuja kuwa mlinzi wake. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa sasa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambapo katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, mbwa huchanjwa. Alizikwa kwanza katika kanisa la Notre-Dame, kisha mwaka 1896 akahamishiwa chini ya taasisi yake. Kuta za kaburi hilo zimenakshiwa kwa vijiwe vya rangi: mizabibu, majani ya miforosadi na nondo wake, kuku, kondoo, mbwa na sungura.