Mohamed Amin na kamera ya kioo

Mpwa wangu ameshikwa na ugonjwa wa kamera za zamani. Hizi za kutia filamu, nzito kama tofali, ambazo baba zetu walizifungia kabatini na kuzitoa siku ya harusi au ya Idi. Ijumaa iliyopita baada ya swala alinijia barazani na moja aliyoinunua kwa bei ambayo mamake hatakiwi kuijua. Akaniwekea jichoni nichungulie.

Ndani ya kamera hizo mna kioo kidogo kilicholazwa mshazari. Mwanga huingia kwenye lenzi, ukapiga kioo, ukarushwa juu mpaka kwenye kitundu cha kuchungulia, kwa hivyo unachokiona ni kile kile inachokiona lenzi. Mkono wa kushoto hushika lenzi na kuizungusha mpaka picha itulie, wa kulia hubonyeza na kuvuta filamu. Ukibonyeza, kioo huinuka na jicho lako huingia giza kidogo. Yaani ile nukta hasa unayopiga picha, wewe mwenyewe huioni. Na zikiisha picha 36, zimekwisha.

Nikamuuliza kijana kama anamjua Mohamed Amin. Hamjui. Anajua majina ya lenzi za Kijapani kumi na tano, mwenyewe nilizihesabu, lakini mpiga picha wa kwetu aliyefika kila mahali na kamera hamjui. Sikumlaumu. Sisi ndio hatukumwambia.

Mohamed Amin, ambaye wengi walimwita Mo, alizaliwa Eastleigh, Nairobi, Agosti 1943. Babake alikuwa fundi mwashi kutoka Punjab aliyeajiriwa na reli. Amin akiwa bado mtoto familia ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikokulia, mtoto wa mji wa bandari kama sisi. Akiwa mwanafunzi alinunua kamera ya Box Brownie iliyokwisha tumika. Ile haikuwa na madaha, ni kasha tu. Lakini ilimtosha kuanza kupiga picha na kuziuza, na mwaka 1963, kabla hajatimiza miaka 20 au ndio kwanza ametimiza, alifungua kampuni yake Dar es Salaam na kuiita Camerapix.

Januari mwaka uliofuata yakatokea mapinduzi ya Zanzibar. Amin alikuwa miongoni mwa wapigapicha waliovuka bahari kuyafuata. Watu wa pwani hatuhitaji kusimuliwa siku zile zilikuwaje, kila nyumba ina habari yake. Hakuacha kwenda Unguja baada ya hapo, na mwaka 1966 alikamatwa. Alikuwa amepiga picha za wakufunzi wa Kisovieti na wa Ujerumani Mashariki kisiwani, jambo ambalo wenye serikali hawakutaka lionekane nje. Aliwekwa gereza la Kiinua Miguu karibu mwezi mzima, akateswa, kisha akatolewa na kupelekwa Kenya. Alikuwa na miaka 22 au 23, na kazi yote aliyoijenga Dar ikabidi aanze upya Nairobi.

Julai 5, 1969, Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya Nairobi. Amin alifika mapema, akapanda ndani ya ambulensi pamoja na majeruhi na kuendelea kupiga picha njiani kwenda hospitali. Wako wanaosema hapo alivuka mpaka, kwamba binadamu anayekata roho huachwa na watu wake. Nami nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini bila picha zile, siku ile ingebaki maneno ya serikali peke yake.

Si misiba tu. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake cha picha za Hijja. Mimi nilikiona nikiwa mdogo nyumbani kwa mzee mmoja, kimefunikwa karatasi ya nailoni, na ilikuwa sharti unawe mikono kabla ya kukifungua. Wengi katika mtaa wetu hawakuwa na uwezo wa kwenda Makka, wakaiona Arafa katika kurasa zile.

Oktoba 1984 alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika wakifa kwa njaa. Aliyoyarekodi yalionyeshwa Uingereza Oktoba 23, kisha yakazunguka dunia nzima. Yakazaa nyimbo za hisani, yakazaa tamasha kubwa la Julai 1985 la Live Aid. Wanamuziki wale wanajulikana mpaka leo. Aliyeshika kamera anatajwa nusu mstari, akitajwa.

Juni 1991 alikuwa Addis Ababa ghala la silaha lilipolipuka. John Mathai, fundi wake wa sauti, alikufa palepale. Amin akapoteza mkono wa kushoto. Wa kushoto, ule unaoshika lenzi. Kwa mpiga picha wa miaka ile, hiyo ilikuwa sawa na kumkata seremala mkono wa randa. Alitengenezewa mkono wa bandia unaotumia umeme, na baada ya miezi michache akarudi Ethiopia kazini. Hapo mpwa wangu alinyamaza, akautazama mkono wake.

Novemba 23, 1996, Amin alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi, pamoja na mwandishi Brian Tetley, mshirika wake wa vitabu vingi. Vijana watatu waliiteka na kutaka ipelekwe Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakusikia. Waliosalimika walisema Amin alikuwa amesimama, akijaribu kuzungumza na watekaji, ndege ilipoishiwa mafuta juu ya Komoro na kuanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazidja. Walikuwamo watu 175, wakafa 125, Amin na Tetley miongoni mwao. Allah awasamehe waja wake.

Wavuvi na wageni wa hoteli ya pale ufuoni waliingia majini kuokoa watu. Mmoja wa watalii hao alikuwa na kamera ya video mkononi. Alipoona ndege ikija chini juu ya maji aliielekeza huko na kubonyeza, na picha zake ndizo zilizoonekana duniani kote.