Otto Kersten, mkemia aliyeangukiwa na theluji Kilimanjaro

Asubuhi anga likiwa safi, ukisimama Bomang'ombe na kutazama juu, unaiona Kibo na mabaka meupe yaliyobaki upande wa kusini. Baka mojawapo linaitwa Barafu ya Kersten. Wapagazi wa njia ya Machame hupita chini yake wakielekea kambi ya Karanga. Wengi hawana habari Kersten alikuwa nani.

Alikuwa mkemia. Otto Kersten alizaliwa tarehe 23 Desemba 1839 mjini Altenburg, Ujerumani ya leo. Alipopanda Kilimanjaro mwaka 1862 alikuwa na miaka 22 tu, umri wa mwanafunzi wa chuo wa siku hizi.

Ujerumani ya ujana wake ilikuwa shule kuu ya kemia. Tangu miaka ya 1820 Justus von Liebig, katika Chuo Kikuu cha Giessen, alikuwa akiwaingiza wanafunzi maabara wapime wenyewe badala ya kukaa tu kusikiliza mihadhara. Vyuo vingine vikafuata. Kijana aliyesomea kemia wakati huo alifundishwa jambo moja la msingi: usiseme umeona, onyesha umepima.

Na Kilimanjaro ilikuwa na kesi ya namna hiyo. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alisema ameona theluji juu ya mlima ulio karibu kabisa na ikweta. Kule London, William Desborough Cooley, msomi wa jiografia ambaye hakuwahi hata kufika huku, akakataa katakata. Eti Rebmann aliona vibaya. Wachagga walikuwa wameishi chini ya baridi hiyo vizazi na vizazi.

Tajiri mmoja wa Kijerumani, Baron Karl Klaus von der Decken, akaamua kwenda kumaliza ubishi. Mwaka 1861 alipanda na mwanajiolojia Mwingereza Richard Thornton, lakini hawakufika mbali. Mwaka uliofuata akarudi na Kersten, safari hii wakapandia upande wa Moshi.

Vipimo ndivyo vilimpa Kersten nafasi yake katika msafara: pembe, urefu, mahali halisi kwenye ramani. Njia moja ya kupima urefu iliyotumika sana zama hizo ni kuchemsha maji. Ukipanda juu, hewa inapungua uzito na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Bomang'ombe yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Ukifika mita 4,000 na kitu, ni nyuzi 86. Ndiyo maana mpishi wa wapagazi hahangaiki kubeba maharage makavu kwenda kambi za juu, hayaivi.

Walifika takriban mita 4,280, si zaidi. Usiku huo theluji ikawaangukia, na asubuhi wakaikuta imetanda. Ushahidi gani mwingine ulihitajika? Lakini Cooley hakuukubali. Aliona ni ajabu sana theluji hiyo ijilete yenyewe siku ileile baroni alipoihitaji. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London haikumfuata, ikampa Decken medali ya dhahabu mwaka 1864. Mawe aliyoyatuma yalichunguzwa Berlin na wataalamu akiwemo Gustav Rose, profesa wa madini katika chuo kikuu cha huko, na yakathibitisha kwamba mlima ni wa volkano.

Mwaka 1865 Decken aliuawa Bardera, kando ya mto Juba, baada ya meli yake kuharibika. Kersten hakuwamo. Basi kazi yote ya karatasi ikamwangukia yeye. Kuanzia 1869 hadi 1879 vikatoka vitabu vya safari za Decken, vikiwa na wadudu, ndege, mimea na ramani. Jina la baroni ndilo lililokaa kwenye jalada, ingawa masimulizi ya safari aliyaandika Kersten. Ni kazi ya miaka 10 ambayo watu huipita haraka wakikimbilia habari za kilele.

Kilele hakukiona. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika huko mwaka 1889, Kersten akiwa bado hai. Alifariki Novemba 1900 katika mji uleule aliozaliwa.

Barafu yenye jina lake ikageuka kuwa maabara. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alichimba nguzo sita za barafu juu ya Kibo. Wenzake walisoma aina za oksijeni zilizomo, wakakadiria kwamba barafu ya zamani zaidi ina miaka 11,700. Kisha mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, wakasimika kituo cha hali ya hewa juu ya Barafu ya Kersten yenyewe, karibu mita 5,870.

Safari hii hakuna anayebisha kama theluji ipo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2000 zilibaki 2.6. Vipimo vya Innsbruck vinaonyesha kwamba hewa ya juu imekauka, na theluji inayoanguka haitoshi tena kulipia ile inayopotea.