Paul Revere, sonara wa Boston

Paul Revere alikuwa mtoto wa mkimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa, na kwa babaye alirithi ufundi wa kufua fedha. Alitengeneza mabirika na vikombe, hata meno ya bandia akayafunga. Mwaka 1770 alichonga kwenye bamba la shaba picha ya askari wa Uingereza wakiwafyatulia risasi wakaazi wa Boston. Picha hiyo ilichochea hasira, ingawa aliiiga kazi ya Henry Pelham bila idhini.

Usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 alikwenda kwa farasi hadi Lexington kuwaonya Samuel Adams na John Hancock kwamba jeshi la mfalme limo njiani. Concord hakufika: askari wa doria walimkamata, wakamnyang'anya farasi. Aliyeifikisha habari huko ni tabibu Samuel Prescott.

Mwaka 1779 alishutumiwa kwa uoga baada ya Wamarekani kushindwa vibaya Penobscot. Mahakama ya kijeshi, aliyoiomba mwenyewe, ikamsafisha mwaka 1782. Alifariki mwaka 1818, akiwa aliwahi kumiliki kiwanda cha mabamba ya shaba. Umaarufu wa mpanda farasi ulivuma baadaye, kwa shairi la Henry Longfellow lililotungwa mwaka 1860. Humo Prescott hatajwi, na Revere anafika Concord.